Safari za siku 5 Kilimanjaro zifutwe, au kila mtu aachiwe na mlima wake?

Mwana_Newala
Wakuu wa Kusini salaam. Kuna kikundi chetu, wengi wa Mtwara mjini na wachache wa Lindi na Nachingwea, tunachanga toka msimu wa korosho uliopita ili twende Kilimanjaro. Sasa tumegawanyika. Kampuni moja ya kule imetupa bei ya njia ya Marangu siku 5 kwenda na kurudi, ukiongeza siku moja bei inapanda, na njia ya Lemosho siku 8 ndo hata usiulize. Kuna wanaosema siku 5 zinatosha, inayobaki iwe nauli, manake Mtwara mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 550 na Dar mpaka Moshi nyingine kama hizohizo. Mimi msimamo wangu ni kwamba hizi za siku 5 hifadhi ingezifuta, asiuziwe mtu yeyote. Angalieni hesabu: unalala kambi ya Mandara mita 2,720, kesho yake Horombo 3,720, kesho yake tena Kibo 4,700 na kitu, na usiku huohuo wa Kibo unaamshwa uanze kupanda kwenda 5,895. Mwili umeuzoesha saa ngapi? Mnasemaje?

Korosho_Ghafi
Kila kitu kwetu ni kufuta tu. Mi nilipanda siku 5 nikafika kilele cha Uhuru nikashuka mzima, na sio mwanamichezo wala nini. Mtumishi likizo yake anaijua yeye, humlazimishi akae wiki nzima porini. Na hicho kikundi nakijua, kuna mama mtu mzima wa Chuno mnaenda naye, jamani mama wa watu anatafuta nini kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, si apumzike na wajukuu zake. Mkimtoa huyo, siku 5 zinawatosha kabisa.

Mama_Salma
Mwanangu Korosho Ghafi, mama huyo ni mimi. Mchango wangu nimeumaliza kabla ya vijana wote, muulize mweka hazina. Kila alfajiri natoka Chuno natembea mpaka Shangani na kurudi, wengi wenu mkiwa bado mmelala. Wajukuu ninao na ndo walionifanya nitake kwenda, darasani wanafundishwa mlima huu ni wa Tanzania na hakuna mtu wa nyumbani kwao aliyewahi kuukanyaga. Kama una hoja ya siku, lete hoja ya siku. Mimi sio hoja.

Binti_Mikindani
Shikamoo mama. Korosho Ghafi omba radhi. Ni tabia hii hii, mwanamke akilima ekari tano za korosho juani hakuna anayesema apumzike, akisema nataka kupanda mlima ndo anakumbushwa wajukuu. Ungemwambia hivyo baba wa umri wake?

Korosho_Ghafi
Ningemwambia. Na siombi radhi kwa kumhurumia mtu. Nyie mnaleta mambo ya wanawake na wanaume wakati mi naongelea usalama.

Binti_Mikindani
Usalama gani? Mwenye kuuliza kaandika mita kwa mita, wewe umejibu kwa "mi nilifika". Kufika kwako kunamlindaje mwingine?

Kaka_Masasi
Tulieni ndugu zangu. Tatizo sio mama, tatizo ni sisi wote watu wa huku. Mwili wa pwani umezoea joto na hewa nzito. Mchaga kazaliwa pale, damu yake ni nyingine, ndo maana toka yule mzee Lauwo anayesemekana alimwongoza Mjerumani Hans Meyer kufika kileleni 1889 wao wanapanda tu. Sisi hata tukae siku 10 ni kujitesa. Hiyo hela pandeni Shimo la Mungu hapo Newala mrudi nyumbani.

Muuguzi_Lindi
Kaka Masasi hapana, hili nalikataa kabisa. Moshi mjini haifiki hata mita 1,000. Mchaga anayelala mjini akipelekwa Kibo kwa siku tatu kichwa kinamgonga kama chako. Na hao wageni wanaojaa pale wengine wanatoka Uholanzi, ambako kuna miji iko chini ya usawa wa bahari, mbona hawaambiwi damu yao ni ya pwani? Mwili unazoea kwa muda, na muda ndo hicho kinachokatwa kwenye siku 5. Kule kileleni mgandamizo wa hewa ni kama nusu ya wa hapa Lindi, kila pumzi unavuta nusu ya oksijeni uliyozoea. Wataalamu wa tiba za milimani wanashauri ukishapita mita 3,000 usipandishe sehemu ya kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu nne upumzike. Horombo kwenda Kibo ni mita elfu. Mara mbili ya ushauri, halafu hapohapo unaenda kileleni.

Kitu kimoja cha huku kwetu ambacho hamjakigusa ni selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Pwani na Kusini iko kwenye familia nyingi, na mwenye ugonjwa wenyewe kule juu ni hatari kubwa, oksijeni ikipungua chembe za damu zinajikunja na kuziba mishipa. Waliorithi kwa mzazi mmoja tu wengi wanapanda salama ila bandama inaweza kuleta shida, wakaongee na daktari kwanza. Wote mkapime kabla ya kulipa chochote.

Kaka_Masasi
Kwa hiyo unasema sisi Kusini damu mbovu, afu mi nikisema damu unanikatalia.

Muuguzi_Lindi
Sijasema mbovu. Nimesema mkapime. Tafadhali usinigeuzie maneno kwenye jambo la uhai wa mtu.

Korosho_Ghafi
Dawa si ipo? Diamox unameza, oksijeni inaongezeka, unapanda. Na toka 2022 Horombo kuna intaneti, tena aliyekwenda kuizindua ni Nape Nnauye, waziri wa habari wa wakati ule na mbunge wa Mtama hapahapa kwetu. Ukizidiwa unapiga simu.

Muuguzi_Lindi
Diamox haiongezi oksijeni hewani, inakufanya upumue zaidi ili mwili uzoee haraka kidogo. Utakojoa sana, vidole vitakuwa vinachonyota, na mwenye mzio wa dawa za salfa amwambie daktari kabla hajaigusa. Na haikupi ruhusa ya kupanda na kichwa kinachouma.

Mgumu_wa_Zamani
Simu haimshushi mtu, kaka. Anayemshusha ni mgumu, yaani mbeba mizigo wa mlimani. Mimi mzaliwa wa Mtama, nimekaa Moshi miaka mingi nikibeba mizigo kwenye huo mlima, mwisho nikawa msaidizi wa mwongozaji, nawaambia nilichokiona. Kulikuwa na kijana wa Kitanzania, safari ya siku 5, mwenye nguvu kuliko wenzake wote, siku mbili za kwanza anatuacha njiani. Tumetoka Kibo saa sita usiku, tumepita pango la Hans Meyer, ule mteremko wa changarawe ukipiga hatua moja unarudi nusu, nikaona tochi yake ya kichwa inayumba. Nikamsimamisha nikamwambia tembea kisigino kiguse kidole, mstari mmoja, hatua kumi. Ya tatu akaanguka upande. Nikamuuliza jina la mama yake, akanyamaza ananiangalia. Hapo hakuna majadiliano, ni kushuka. Tumemshika mabega mimi na mwenzangu mpaka Kibo, kuanzia pale ni kile kitanda cha gurudumu moja mpaka chini, na kadiri tunavyoshuka akili inamrudia. Horombo akaanza kugomba kwamba tumemnyima kilele alicholipia.

Ndo maana nataka hiyo siku ya sita. Unaamka Horombo, unatembea taratibu mpaka kwenye yale mawe ya Zebra kama mita 4,000, unarudi kulala palepale. Usiku ule ndo unamjua nani mwili wake unakubali, na mwongozaji anakuwa na nafasi ya kumwambia mtu wewe baki.

Dereva_Nangurukuru
Mzee hapo kwenye wagumu umenigusa. Kila mtu anauliza bei, hakuna anayeuliza kwa nini siku 5 ni rahisi. Najua kijana alibebeshwa kilo kibao wakati hifadhi inasema mzigo usizidi 20, akalipwa nusu ya alichoahidiwa, mengine aambiwe subiri bakshishi. Kikundi chetu wenyewe tunajisifu tumepata bei poa, bei hiyo imekatwa kwenye mgongo wa nani?

Mgumu_wa_Zamani
Ahsante. Mkifika getini simameni kwenye mizani muone mizigo ikipimwa, na bakshishi itangazwe mbele ya wagumu wote. Hata mkinisahau mengine yote, hilo mlifanye.

Korosho_Ghafi
Sasa tumeshatoka kwenye siku tumehamia mishahara. Bei zikipanda atakayeshindwa ni huyohuyo Mtanzania mnayemtetea. Mlima utabaki wa wazungu.

Mwana_Newala
Hapa nakukatalia kwa hesabu. Mgeni wa nje ndo kila siku anayoongeza inamuumiza, kiingilio chake ni dola 70 kwa siku hujaweka kodi wala malazi. Sisi raia kiingilio chetu ni cha shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha. Siku ya sita kwetu kubwa yake ni chakula na posho za watu. Kwa hiyo mwenye sababu ndogo kabisa ya kununua siku 5 ni Mtanzania, na sisi ndo tunauziwa zaidi. Hilo linaniuma.

Dereva_Nangurukuru
Na tarehe je? Kuna waliosema tukawahi 9 Desemba, siku ile Luteni Nyirenda alipopandisha mwenge na bendera 1961. Mi naogopa. Desemba mvua za vuli bado hazijaisha, na hela za mnada wa korosho wengine zinakuwa hazijaingia, AMCOS, yaani chama chetu cha ushirika, ikichelewa kikundi kinaondoka nusu. Bora mwisho wa Januari au Februari, juu kumekauka. Isipite hapo, masika ikianza barabara ya huku mnaijua, mnakumbuka Somanga 2024 maji yalivyokata barabara magari yakalala siku ngapi.

Mama_Salma
Januari naunga mkono. Mgumu mwanangu, nikuulize, nikifika Kibo nikaambiwa baki, anayeamua ni nani? Mimi, wewe, au kikundi?

Mgumu_wa_Zamani
Mwongozaji, mama. Shikamoo. Toka 1991 hakuna ruhusa ya kupanda bila mwongozaji mwenye leseni, na neno lake la kushuka halipigiwi kura. Andikeni kwenye makubaliano kabla ya kutoka Mtwara, kila mtu asaini, na muweke kwamba hakuna kudai kurudishiwa hela.

Kaka_Masasi
Hapo kwenye hela ndo mtagombana. Mtu kalipa nauli toka Kusini aje aambiwe kaa chini?

Binti_Mikindani
Ndiyo, akae chini. Mimi nasaini leo.

Mwana_Newala
Basi napeleka hivi kwenye kikao cha Jumamosi: Marangu siku 6, mwisho wa Januari, vipimo hospitali kwanza, neno la mwongozaji ni la mwisho. Anayetaka siku 5 achukue mchango wake atafute wenzake.

Korosho_Ghafi
Nachukua wangu. Na watatu wengine wako na mimi, tuhesabieni.

Muuguzi_Lindi
Hela chukueni, ila vipimo njooni. Wote wanne.