Raketi za tenisi: kichwa kipunguzwe au tuziache zilivyo?

Mstari wa Nyuma: Wakuu, kanuni ya ITF, yaani Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, inaruhusu raketi ya hadi inchi 29 kwa urefu na 12.5 kwa upana. Upana huo umezidi. Kichwa, yaani sehemu yenye nyuzi, cha raketi ya mbao kilikuwa kama inchi 65 za mraba, leo wengi wanashika 95 hadi 100. Mwaka 2003 mabingwa wa zamani akina McEnroe, Navratilova na Becker waliiandikia ITF upana upunguzwe, wakapuuzwa. Mchezo wa kukimbilia wavuni umekufa. Zamani watu walikuwa na ufundi wa mikono, wa leo wanabebwa na raketi.

Fundi Nyuzi: Umeshika kichwa, umeacha nyuzi. Vichwa vikubwa vipo tangu raketi ya Prince ya mbunifu Howard Head, 1976, na bado bingwa Edberg alikuja baadaye akaishi wavuni. Kilichogeuza mchezo ni nyuzi za poliesta. Mbrazili Kuerten alichukua Roland Garros, ubingwa wa Paris, 1997 akiwa nazo. Ule uzi ukipigwa unateleza pembeni na kurudi mahali pake ghafla, mpira unazunguka sana, unapita juu ya wavu kisha unadondoka ndani ya mstari.

Binti Kange: "Wanabebwa na raketi"? Nani hao? Mkenya Angella Okutoyi alipotwaa Wimbledon ya wasichana wawili wawili 2022, naye alibebwa?

Mstari wa Nyuma: Dada, Okutoyi sikumtaja. Nazungumzia kanuni. Mbona 1977 ITF iliweza? Mromania Nastase alikwenda Aix-en-Provence, Ufaransa, na raketi ya "spageti" kucheza na Vilas wa Argentina, Vilas akiwa hajafungwa kwenye udongo mechi 53 mfululizo. Vilas alipoteza seti mbili akaondoka uwanjani. Ikapigwa marufuku.

Kaka wa Pasiansi: Na hapo mbao bado zilikuwa hai. Zilikwisha na McEnroe Wimbledon 1981.

Fundi Nyuzi: Wimbledon ya wanaume, sawa. Ila Mfaransa Noah alishinda Paris 1983 na mbao. Na ile spageti ilikuwa na tabaka mbili za nyuzi ambazo hazikusukwa pamoja. Kabla yake kanuni haikusema kabisa raketi ni kitu gani! Ndiyo maana leo inadai tabaka moja, nyuzi zikatizane na kusukwa. Poliesta inafanya karibu kazi ileile, ila imesukwa, basi inapita.

Binti Kange: Bado sijajibiwa. Nilianza na raketi ya kuazima, mpini umefungwa utepe wa baiskeli. Hakuna aliyenibeba. Wewe unatumia kichwa cha ngapi?

Mstari wa Nyuma: 100. Nina miaka 58 na bega bovu. Hilo haliondoi hoja yangu.

Binti Kange: Linaiondoa! Wenye mabega mabovu ni wengi, na wengine wana miaka 13.

Kaka wa Pasiansi: Dada punguza ukali, mzee ameuliza swali la heshima.

Binti Kange: Na mimi nimejibu kwa heshima. Nafundisha watoto kumi na mmoja. Wawili wanalalamika kiwiko.

Fundi Nyuzi: Wanacheza na nyuzi gani?

Binti Kange: Za rangi ya chuma. Tulipewa raketi zilizotumika, hazijakatika mpaka leo.

Fundi Nyuzi: Hiyo ni poliesta, na imekufa. Haikatiki upesi, ndiyo hatari yake: inapoteza mkazo huku ukidhani ni nzima. Pitisha kucha pale nyuzi zinapokatizana. Ukisikia mfereji, na uzi ukiusukuma pembeni haurudi, basi mtoto anapiga ubao. Kanuni inapima urefu na upana, mkono wa mtoto hakuna anayeupima.

Mstari wa Nyuma: Hilo la kiwiko sikuwa nimelifikiria. Lakini wakuu, turudi kwenye upana.

Binti Kange: Fundi, nifanyeje leo?

Fundi Nyuzi: Zikate zote. Anza katikati, wima moja, mlalo mmoja, ukienda nje, fremu isipinde. Kisha weka nyuzi za sinthetiki laini, mkazo wa paundi 46 unatosha kwa umri huo. Wenye maumivu wapumzike kwanza, na yasipoisha waonwe na daktari.

Kaka wa Pasiansi: Paundi 46 kwa kichwa cha 100 au cha 95?

Binti Kange: Vyote ni 100. Mkasi ninao hapa.