Mjadala: Kila mtu mzima apimwe damu kujua hatari ya moyo, au tuanze na presha?

Mleta mada
Wakuu, heshima kwenu. Vifurushi vya "vipimo vya moyo" vinatangazwa kila kona, na wapo wanaotaka kila aliyefikisha miaka 40 apimwe kwa gharama ya bima, kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tunayo tangu 2023. Hoja yao ina uzito. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wanawake 27,939 waliofuatiliwa miaka 30. Damu iliyochukuliwa mwanzoni, ikapimwa lehemu mbaya (kolesteroli ya LDL), CRP (protini inayoashiria uvimbe ndani ya mwili) na lipoprotini(a) (chembe inayobeba mafuta kwenye damu), ilionyesha nani ana hatari kubwa zaidi ya shambulio la moyo au kiharusi miaka mingi mbele.

Mimi bado nasema tusianzie hapo. Chukueni CRP. Inapanda mwili ukipambana na chochote: malaria, jino lililooza, kidonda, mafua. Mtu katoka Kilombero msimu wa mvua, malaria kamaliza dozi juzi, leo umpime CRP umwambie moyo wake uko hatarini? Ndiyo maana wataalamu hushauri kipimo kirudiwe baada ya wiki mbili. Sasa huyo aliyekopa nauli ya safari ya kwanza, ya pili ataitoa wapi?

Presha je? Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye presha ya juu hawajui kama wanayo. Shirika hilohilo lilishatoa chati za kukadiria hatari ya moyo, na mojawapo haihitaji tone la damu: umri, jinsia, sigara, presha, na uzito kulinganisha na urefu. Muuguzi wa zahanati anaiweza. Mgonjwa akae dakika tano ametulia, mgongo ameegemeza, mkono usawa wa moyo, afungwe mkanda wa mashine ya presha. Pesa ya kwanza iende hapo, na kwenye betri za hizo mashine. Kisha sukari na lehemu kwa wenye presha na wenye ndugu waliougua moyo mapema.

Mchangiaji, Morogoro
Mkuu, hapa nakupinga. Baba yangu mdogo presha yake ilikuwa 120 kwa 80, havuti, hanywi, shamba analima mwenyewe. Moyo ulimchukua akiwa na miaka 47. Chati yako ingemrudisha nyumbani. Lipoprotini(a) ni ya kurithi na haibadiliki sana maishani, kwa hiyo ukipima mara moja imetosha. Madaktari wa moyo wa Ulaya walilipendekeza hilo tangu 2019. Tena sisi wenye asili ya Afrika viwango vyetu kwa kawaida huwa juu kuliko vya Wazungu. Iweje kipimo kinachotugusa zaidi ndicho tuambiwe tusubiri?

Mleta mada
Pole sana, mkuu. Kwa familia kama yako nakubali kabisa: watoto wa marehemu na ndugu zake wapimwe, bima ilipe. Ninachokataa ni kupima kila mtu. Lipoprotini(a) haishuki kwa lishe wala mazoezi. Ukishajua iko juu, kazi inayobaki ni kudhibiti presha, sukari na lehemu. Mtu aambiwe yuko hatarini, akifika dirisha la dawa aambiwe statini, dawa za kushusha lehemu, zimeisha, tumemsaidia nini?

Mchangiaji, Dodoma
Niko maabara, naomba niongeze. Lehemu tunapima, na siku hizi wengi hawahitaji hata kufunga kula. Tunakwama kwenye vitendanishi, yaani kemikali za kupimia. Vikiisha, mashine inafunikwa kitambaa na mgonjwa anaelekezwa kwa watu binafsi. Mleta mada, hao wenye presha unaotaka waanze, waje wote kwangu Jumatatu: Jumatano nitakuwa nawarudisha. Kwenye hoja yako ya bima hukugusa vitendanishi kabisa. Nani atavilipia, na vitafika lini?