Naomba ushauri: orodha yangu ya nyimbo 10 bora za K-pop za 2024 imenigomea kwenye 12

Mdau_wa_Hallyu:
Wadau, habari za muda huu. Naandaa orodha ya nyimbo 10 bora za K-pop (pop ya Korea Kusini) za 2024, itakayochezwa kwa flashi kwenye spika kubwa, na wasikilizaji wengi hawafuatilii muziki huu. Nimechuja nimebakiwa na 12: "Supernova", "Armageddon" na "Whiplash" za aespa, "Magnetic" ya ILLIT, "How Sweet" ya NewJeans, "Plot Twist" ya TWS, "Super Lady" ya (G)I-DLE, "Welcome to the Show" na "Time of Our Life" za DAY6, "Bam Yang Gang" ya BIBI, "Love wins all" ya IU, na "APT." ya ROSÉ na Bruno Mars.
Zipi zitoke? aespa kuwa na tatu ni sawa? Na mpangilio ukaeje?

KijanaWaChati:
"Time of Our Life" toa bila kuwaza. Ni ya Julai 2019. Ilipanda chati 2024 kwa sababu DAY6 walirudi Machi na watu wakaanza kuchimba kazi zao za zamani, pamoja na "You Were Beautiful" ya 2017. Orodha ya mwaka inafuata tarehe ya kutoka. Ukiilegeza kanuni hiyo mara moja, hutakuwa na sababu ya kuzuia wimbo mwingine wowote wa zamani.

Mama_Bias:
Mkuu, kosa kubwa la orodha yako ni kufuata nyimbo kuu za albamu tu. Lebo huchagua wimbo mkuu kwa kuangalia jukwaa: una nafasi ya kucheza, kiitikio kinakaa kwenye kamera, kila mwanachama anapata sekunde zake. Msikilizaji aliye na spika tu hayaoni hayo.

Angalia (G)I-DLE. Albamu yao "2" ilitoka 29 Januari 2024, "Super Lady" ikiwa mbele. Kilichopanda na kukaa juu kuliko wimbo mkuu ni "Fate", wimbo wa pembeni wenye gitaa na sauti ya bendi, ulioandikwa na Soyeon, kiongozi wa kundi. DAY6 hivyo hivyo: "Welcome to the Show" na "Happy" zimo kwenye albamu moja, "Fourever" ya 18 Machi, na "Happy" ndiyo iliyoganda kwa watu. Badilisha zote mbili.

Kuhusu chati, jua unasoma nini. TOP100 ya Melon, huduma ya Kikorea ya kusikiliza muziki mtandaoni, mchana huchanganya nusu kwa nusu usikilizaji wa saa 24 zilizopita na wa saa moja iliyopita. Ndiyo maana wimbo mpya huruka ghafla saa ile unapotoka: mashabiki wamejipanga kuusikiliza kwa pamoja. Usiku wa manane, kuanzia saa 7 hadi alfajiri kwa saa za Korea, hesabu hubaki ya saa 24 tu. Mauzo ya albamu ndiyo yapuuze kabisa kwa kazi hii. Shabiki mmoja hununua nakala nyingi kwa ajili ya kadi za picha na bahati nasibu ya kukutana na wasanii. Wimbo wenyewe haupimwi hapo.

Ninachokiamini ni chati ya wiki, mwezi wa pili na wa tatu baada ya wimbo kutoka. "Supernova" ilitoka 13 Mei na ilikaa namba moja kwenye chati ya wiki ya Melon kwa wiki 15. Kikundi cha mashabiki hakiwezi kubeba hilo peke yake.

Mdau_wa_Hallyu:
Asante sana dada, "Fate" na "Happy" zinaingia. Hapo nina 11. Na aespa je?

Mama_Bias:
Bakiza mbili, "Supernova" na "Whiplash". "Armageddon" ni wimbo mzuri, lakini uzito wake uko kwenye besi nzito na kuchana kwa taratibu, na ukiusikiliza mara baada ya "Supernova" masikio yanachoka. "Whiplash" ya Oktoba ni ya klabu, nyepesi, kavu, inapumua. Mbili hizo ziache mbalimbali kwenye mpangilio.

FundiSpika:
Naongezea ya ufundi, maana hapa ndipo orodha nzuri huharibika.

Kwanza matoleo. Wimbo mmoja wa K-pop huja na toleo la kasi, la Kiingereza, la ala tupu na rimiksi kadhaa, yote kwa jina linalokaribiana. Kagua urefu: "Magnetic" halisi ni dakika 2 na sekunde 40. Ukikuta fupi kuliko hapo, umechukua ya kasi.

Pili sauti. Nyimbo za dansi za Korea hukamilishwa studio zikiwa zimebanwa na kupandishwa sana. "Love wins all" inaanza na piano ya chini. Programu za kusikiliza mtandaoni husawazisha zenyewe. Kwenye flashi hakuna wa kukusawazishia. Tumia MP3Gain, programu ya kusawazisha sauti za faili za MP3, weka lengo la desibeli 92 badala ya 89 ya kawaida, halafu chagua kusawazisha kwa wimbo, sio kwa albamu, kwa sababu nyimbo zako zimetoka albamu tofauti. Fanyia kazi nakala, halisi ziache.

Tatu, usiunganishe nyimbo kwa kufifisha moja ndani ya nyingine. "Bam Yang Gang" inakwenda kwa mapigo matatu, kama waltz. Ukiilaza juu ya wimbo wa mapigo manne, ngoma zitagongana na kila mtu atageuka. Weka ukimya wa sekunde 1.

Nne, spika nyingi hazifuati jina la faili, zinafuata mpangilio wa kunakili. Fomati flashi kwa FAT32 (aina ya mfumo wa faili), zipe nyimbo namba 01 hadi 10, kisha nakili moja moja kwa zamu.

KijanaWaChati:
Nyingine ya kutoa ni "APT.". Ilitoka 18 Oktoba, ikachelewa dirisha la kushindania MAMA, tuzo kubwa za muziki wa Korea, za 2024, na Wimbo wa Mwaka ikauchukua 2025. Maisha yake makubwa ni ya 2025.

Mama_Bias:
Sikubaliani, na wewe mwenyewe umesema tarehe ya kutoka ndiyo kanuni. Dirisha la tuzo ni la waandaaji. Tena kwa wageni wa muziki huu, "APT." ndiyo mlango: kiitikio wanakishika kabla wimbo haujaisha. Itoke "How Sweet". Inahitaji msikilizaji aliyetulia, na kwenye spika kubwa ule mdundo wake mwembamba unapotea.

KijanaWaChati:
Hapo umenibana kwa kanuni yangu. Ibaki.

Mdau_wa_Hallyu:
Basi: 01 "APT.", 02 "Magnetic", 03 "Plot Twist", 04 "Supernova", 05 "Fate", 06 "Bam Yang Gang", 07 "Love wins all", 08 "Whiplash", 09 "Happy". Hesabu inaniambia tisa!

FundiSpika:
Umetoa tatu, umebadilisha mbili. Namba 07 na 08 zinahitaji daraja, kutoka piano hadi klabu ni mbali mno. Weka katikati "Small Girl" ya Lee Young-ji akiwa na D.O., ya Juni 2024. Ina mdundo wa wastani na sauti ya joto.