Tupeane uzoefu: mnyama wa boksi mwenye viungo vinavyocheza

Ssalongo wa Kawempe
Likizo hii nyumba haikaliki. Juzi mdogo alitaka korongo, yule wa kwenye bendera yetu ya Uganda, ila arukeruke. Nikabeba boksi la sabuni kutoka sokoni Kikuubo, nikakata kiwiliwili na mabawa, nikabandika kwa gundi. Akamtazama, akaniuliza, "Baba, amekufa?" Mliowahi kufanikiwa, semeni.

Fundi Viatu, Tororo
Ssalongo, kilichomuua ni gundi. Kiungo hakigandishwi, kinafungwa. Toboa bawa na kiwiliwili kwa pamoja, sentimita moja hivi kutoka ukingoni, la sivyo patachanika. Katikati weka wosha, yaani kiduara chenye tundu, ya soli ya malapa, pitisha waya mwembamba, kunja ncha zote mbili. Acha pachezecheze kidogo.

Sasa kazi yenyewe. Bawa libaki na kipande kinachopita kiungo kuelekea katikati ya mgongo, na tundu la uzi liwe kwenye kipande hicho. Unganisha mabawa kwa uzi mmoja kwa nyuma, katikati yake ning'iniza uzi wa kuvuta. Ukivuta, ncha za ndani zinashuka, mabawa yanapanda. Ukiachia yanarudi kwa uzito wake. Mimi mara ya kwanza nilifunga uzi upande wa nje. Navuta, ndege anajikunyata kama kuku aliyenyeshewa!

Nalongo, Jinja
Shikamoo mzee. Niongeze: angalieni ile mifereji ya ndani ya boksi. Ng'ombe wangu wa Ankole nilimkata pembe mifereji ikiwa imekatiza, zikapinda siku hiyo hiyo. Ifuate urefu wa pembe. Miguu vilevile.

Mpita Njia, Arua
Waya siuwezi, wangu ana miaka 2 na kila kitu ni mdomoni. Natumia uzi wa katani, fundo nene kila upande. Ukilegea nafunga upya, basi.

Ssalongo wa Kawempe
Ameruka! Mzee, ubarikiwe. Shada la kichwani tumelichomoa kwenye ufagio, mama watoto bado hajajua. Ila yule wa bendera ameinua mguu mmoja. Wangu nikimsimamisha hivyo anaanguka kifudifudi. Nimfunge jiwe?

Fundi Viatu, Tororo
Jiwe la nini? Mtundike kwenye msumari ukutani, mguu ainue atakavyo.