Mama mwenye nyumba Bangkok kala dhamana yangu kisa "harufu ya dagaa". Mnaokuja Thailand someni hapa

Wakuu, nawasalimu. Nimejizuia wiki tatu nisiandike nikiwa na hasira, nikasema nipoe kwanza. Sijapoa, acha niandike hivi hivi.

Kwa wasionijua, nilikuwa broka wa mawe Arusha. Huku Bangkok nimeajiriwa na kampuni ya mawe, kazi yangu ni kuchambua rafu, yaani mawe ya vito ambayo hayajakatwa, inayotoka kwetu: spineli ya Mahenge, tanzanaiti, garneti za Umba. Kibali cha kazi ninacho, viza ninayo, kodi ya mapato nakatwa kila mwezi. Nayasema haya mapema maana najua kuna wajuaji watakuja na "kwani ulifuata nini huko".

Ugomvi wangu ni na mama mwenye nyumba. Jina simtaji wala jengo silitaji, ila lina vyumba zaidi ya thelathini na vyote ni vyake. Mtakuja kuona kwa nini hiyo idadi ina maana.

Niliingia Juni 2024. Chumba kimoja, choo ndani, kibaraza cha kuanikia nguo, baht 6,500 kwa mwezi. Nikatoa dhamana ya miezi miwili, 13,000, karibu milioni moja ya kwetu, na kodi ya mwezi wa kwanza juu yake. Sikulalamika. Mtu uliyezoea Sinza, unalipa miezi sita ndiyo uone funguo, huku unajiona umepunguziwa. Mkataba ulikuwa Kithai kitupu na juu umeandikwa mwaka 2567. Nikamwambia mama umekosea mwaka. Akacheka sana. Kumbe wenzetu wanahesabu tangu Buddha, wametutangulia miaka 543. Nikacheka na mimi, nikasaini. Huo ndio mwezi wa mwisho kucheka.

Sasa sikilizeni kuhusu karatasi inaitwa TM30. Sheria yao ya Uhamiaji ni ya 1979, na ina vifungu viwili ambavyo mgeni yeyote anatakiwa avijue kama anavyojua namba yake ya simu. Cha 37 ni mzigo wako wewe mgeni: ukikaa nchini siku 90 mfululizo unaripoti unapoishi, na kila siku 90 unarudia. Unaruhusiwa kuwahi siku 15 au kuchelewa siku 7, zaidi ya hapo faini 2,000. Hiyo sijawahi kukosa hata mara moja. Cha 38 ni mzigo wa mwenye nyumba: akimpokea mgeni, ndani ya saa 24 atoe taarifa uhamiaji kwamba fulani analala kwangu. Hiyo taarifa ndiyo TM30. Yeye atoe, sio wewe.

Nilimuuliza siku ya kwanza. "Phi, TM30 tayari?" Phi ni kama kusema dada mkubwa, na yeye ananiita nong, mdogo wake. Akanijibu mai pen rai, usijali. Mwezi wa pili nikauliza tena, mai pen rai. Wakuu, hilo neno mkilisikia kwenye jambo la karatasi, shikeni mifuko yenu.

Machi 2025 viza yangu ikawa inaisha siku ya Ijumaa. Jumanne nikaenda uhamiaji kuongeza muda, nikiwa na dada wa ofisini kwetu anayeshughulikia mambo ya wageni. Faili nene kama Biblia: karatasi za kampuni, za kodi, ramani ya kuchora kwa mkono kutoka stesheni ya treni hadi ofisini, kila ukurasa nimesaini kwa kalamu ya bluu. Karani akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, akasimama. Akageuza kioo cha kompyuta kidogo upande wetu. Akauliza, unaishi wapi? Nikataja. Akatikisa kichwa, akasema kwenye mfumo unaishi Chanthaburi.

Chanthaburi ni mkoa wa mashariki, kule kwenye soko kubwa la mawe. Soko linachanganya Ijumaa hadi Jumapili, unakodi meza, mabroka wanakuja na vipaketi vyao unafungua, unaangalia, unarudisha. Naenda huko kikazi mara nyingi na nalala gesti ya baht 500 yenye feni inayolia kama mbuzi. Ile gesti, wakuu, inaandikisha wageni wake siku ile ile. Unatoa pasipoti mapokezi, hujavua viatu umeshaingizwa kwenye mfumo. Basi serikali ya Thailand kwa miezi tisa ilikuwa inanijua kama mkazi wa gesti, kwa sababu mama mwenye nyumba mwenye jengo zima hakuwahi kuniandikisha hata siku moja.

Karani wala sina neno naye, alikuwa mpole. Akasema lete TM30 ya unapoishi, ndiyo faili liendelee. Zimebaki siku tatu. Ukizidisha, baht 500 kwa siku mpaka kikomo cha 20,000, na hilo doa linabaki kwenye rekodi yako.

Jumanne jioni nampigia mama, hapokei. Jumatano asubuhi nikamkuta chini kwenye meza yake ya plastiki anakunja nguo za wapangaji, maana ana biashara ya kufua pia. Nikakunja viganja, nikainama, nikamweleza. Nahitaji kopi ya kitambulisho chake na kopi ya kile kitabu cha bluu cha nyumba wanachokiita tabien baan. Akaendelea kukunja. Anatabasamu. Akasema kitabu kipo kwa kaka yake mkoani. Nikasema naomba basi apige picha atume. Akasema kaka ni mzee, hajui simu. Alhamisi asubuhi kile kitabu kikaonekana kwenye droo ya meza ile ile, chini ya betri na vipande vya sabuni. Sharti: faini nilipe mimi, na yeye nimpe 1,000 ya usumbufu.

Usumbufu wa nani jamani?

Dada wa ofisini akanitonya pembeni kwamba wenye nyumba wengi hukwepa TM30 kwa kuogopa mapato yao ya pango yataonekana na watu wa kodi ya serikali. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nakatwa kodi kwenye mshahara, na mimi huyo huyo nikawa nalipa ili mwingine aendelee kukwepa ya kwake. Nikalipa 1,000. Nikalipa faini 800, faini ambayo kisheria ni ya mwenye nyumba. Kisha 1,900 ya kuongeza muda. Mhuri ukagongwa Ijumaa saa tisa alasiri. Nikashuka chini nikanunua chai ya barafu, mkono unatetemeka mpaka nusu ikamwagikia shati.

Wapo mawakala pale nje walionifuata na "tunamaliza leo leo, 3,000". Msikubali. Mtu wa nje akikukorogea karatasi, pasipoti inayoharibika ni yako.

Nikadhani yameisha. Ikaja Aprili, na Aprili ya Bangkok sio mwezi, ni tanuri. AC ilikuwa inalala na kuamka na mimi. Bili: uniti 310 mara baht 8, 2,480. Wakati huo umeme wa serikali ulikuwa baht 4 na senti kadhaa kwa uniti. Hesabu ya broka haikosei hapo: umeme wenyewe haufiki 1,350, iliyobaki ni ya mama. Kwetu mwenye nyumba wa Tandika atakusumbua mgawane LUKU sawa na mpangaji mwenye friji wakati wewe una balbu moja, lakini hata yeye hathubutu kuuza uniti mara mbili ya bei.

Halafu hapa ndipo ile idadi ya vyumba inapoingia. Tangu 2018 Thailand wana kanuni ya mikataba ya kupangisha, wakati huo ikimhusu mwenye vyumba vitano na kuendelea: umeme na maji atoze kwa bei ya kwenye bili, asiongeze yake. Mama ana zaidi ya thelathini. Nilimwonyesha kwenye simu, maandishi ya Kithai, ya serikali yao. Akasoma, akanirudishia simu kwa mikono miwili kwa heshima zote, akasema ukiona ghali zima AC, nong.

Nikatoa notisi, nikahama mwisho wa Juni mkataba ulipoisha. Chumba nilikisafisha mwenyewe, nimepiga deki mpaka kibaraza. Picha ninazo, za siku ya kuingia na za siku ya kutoka. Siku ya kukabidhi funguo akanipa karatasi ya makato, nainukuu yote:

Rangi 4,500. Kusafisha AC 1,200. Mapazia yameharibika 1,650. Godoro 1,500. Harufu ya chakula 2,000.

Jumla 10,850. Kwenye 13,000 yangu nikarudishiwa 2,150 ndani ya bahasha ya waridi.

Harufu ya chakula! Wakuu, hii ndiyo iliyoninyima usingizi. Nilipika dagaa mara nne mwaka mzima, kwenye kibaraza, kwenye jiko la umeme la sahani moja. Na dagaa wenyewe nilinunua soko la hapo mtaani, samaki wadogo wakavu wa Thailand, pembeni ya ndoo za pla ra. Wasiojua pla ra, ni samaki aliyevundikwa na chumvi kwa miezi, ukifungua kifuniko paka wa mtaa mzima wanafika. Wanatia kwenye somtam, saladi ya papai mbichi, na mimi nakula, ni tamu, sibagui. Mama mwenyewe kila mchana anatwanga somtam yake ya pla ra mlangoni mwa jengo. Leo mimi ndiye nanuka.

Na msidhani ni maneno tu. Nilimuuliza mpangaji mzungu wa ghorofa ya tatu aliyehama kabla yangu, akasema alikatwa 1,200 ya AC, basi. Tunajua bei zetu hapa. Hata kwenye utaratibu wa uhamiaji, ukiajiriwa kampuni, kima cha chini cha mshahara cha kuongezewa muda kinakwenda kwa uraia: Mmarekani au Mjerumani 50,000, Mwafrika 25,000. Imeandikwa, ipo kwenye jedwali. Mama yeye kageuza: nusu ya mshahara, mara tisa ya makato. Na kisa anajua nafanya kazi ya mawe, akili yake inamwambia nalala na tanzanaiti chini ya mto.

Hata broka wa Mirerani akikupiga anakuachia nauli.

Nilienda na dada wa ofisini tukapiga 1166, namba ya ulinzi wa walaji. Wanapokea, ila mazungumzo ni ya Kithai, mtafute mtu wa kuwasemea. Wametaka mkataba, risiti zote, picha na ile karatasi ya makato. Nimepeleka. Nasubiri.

Kwa mnaojiandaa kuja, nawaambia yale tu yaliyonigharimu. Kabla hujatoa hata baht moja, omba kuona tabien baan na kopi ya kitambulisho cha mwenye nyumba, akizungusha, ondoka. TM30 ipigwe siku unayoingia na risiti ubaki nayo. Bei ya uniti iandikwe kwenye mkataba. Piga picha ya mita. Kadi ya njano ya homa ya manjano msiiache nyumbani, sisi wa Afrika Mashariki tunapitia kaunta ya afya kwanza pale uwanja wa Suvarnabhumi kabla ya kupanga foleni ya pasipoti, na ukienda moja kwa moja unarudishwa. Ile kadi ya kuingia ya mtandaoni iliyoanza Mei 2025 ni bure. Tovuti ikikudai dola, ni matapeli. Benki sitaki hata kuizungumzia leo. Niseme tu nilizunguka matawi manne kabla ya kupata akaunti, na bila akaunti huwezi kuskani ile QR ya malipo ambayo hata muuza mahindi ya kuchemsha anayo. Nilikumbuka M-Pesa mpaka machozi.

Ninachouliza: kuna aliyewahi kurudishiwa dhamana yake Thailand baada ya kupeleka malalamiko? Ilichukua muda gani? Na je, ile ya umeme unaweza kudai ya miezi ya nyuma yote? Risiti ninazo kumi na mbili. Wenye uzoefu tu tafadhali, wa "rudi nyumbani tulime" mtanisamehe.

NYONGEZA, saa nne usiku: Dada wa ofisini kanitumia tangazo. Chumba changu kimewekwa sokoni, sasa ni 7,000. Rangi ni ile ile, hata alama ya msumari wangu wa kalenda ipo juu ya kitanda. Na mapazia niliyoyaharibu ya 1,650 yananing'inia dirishani, yamefungwa kwa ile kamba nyekundu niliyoinunua mimi.