Laptopu mpya inakufa kila mara na skrini ya bluu: niirudishe dukani, nipige Windows upya au nitafute ugonjwa mwenyewe?

Binti_Mlimani

Habari wakuu, poleni na majukumu.

Nina laptopu ya boksi, nimeinunua Kariakoo mwezi uliopita, RAM 16 na SSD ya 512, Windows 11 imekuja nayo. Shida ni kwamba inakufa katikati ya kazi. Unaona skrini ya bluu, inahesabu asilimia, halafu inajiwasha yenyewe kama hakuna kilichotokea. Sijaona mpangilio wowote, kuna siku inaenda vizuri mpaka jioni na kuna siku inakufa asubuhi, mchana na usiku, na wala siipi kazi nzito, ni Word, Chrome na Zoom basi. Nimekuwa napiga picha zile skrini kwa simu, maneno yanabadilika: MEMORY_MANAGEMENT, nyingine IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, ya juzi PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA.

Naandika tasnifu ya masta humo ndani kwahiyo siwezi kuendelea hivi. Watu wamenishauri vitu tofauti, mmoja kasema piga Windows upya, mwingine kasema rudisha dukani leo leo, mwingine kasema usifanye lolote kabla hujajua tatizo liko wapi. Naomba mnilinganishie, nianze na ipi na kwa nini.

Kipanga_wa_Mbeya

Piga Windows upya, usipoteze muda. Hizi laptopu za boksi zinakuja na programu kibao za kampuni, antivairasi ya majaribio, sijui programu ya kusafisha nini, zote zinagombana humo ndani. Chukua flashi ya GB 8, shusha Windows kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, futa kila kitu, anza upya. Kwa mtu mwenye bando na flashi ni kazi ya jioni moja, dukani watakuzungusha wiki nzima na bado watakurudishia ikiwa hivyo hivyo.

mtaa254

Mimi niko Nairobi lakini maduka ni yale yale. Rudisha sasa hivi dada. Muda wa kubadilishiwa mashine nzima huwa mfupi sana, ukipita wanakuambia sasa ni waranti ya matengenezo, inapelekwa kwa fundi wao na wewe unakaa bila mashine. Kila siku unayoitumia kujaribu jaribu mambo unajikata miguu. Na usifungue ule mfuniko wa chini kama una stika yao, usiwape sababu.

Mzee_wa_Saketi

Binti, subiri kidogo kabla hujafuta kitu. Kipanga anasema kweli kwamba Windows mpya inaponya matatizo mengi, ila kwa dalili ulizoleta wewe mimi ningeiweka mwisho na nitakueleza kwa nini.

Kompyuta ikikreshi kwa kosa moja lile lile kila mara, na ikakutajia faili lile lile, hapo kwa kawaida kuna draiva (programu inayoendesha kifaa fulani cha kompyuta) imeharibika, ni softiweya. Lakini wewe makosa yako yanabadilika, leo hili kesho lile, na yote matatu yanahusu kumbukumbu. Ndio tabia ya RAM mbovu, maana RAM ndiyo hiyo kumbukumbu ambamo programu zinakaa wakati zinafanya kazi. RAM ikigeuza biti moja, itaumia programu yoyote iliyokuwa imekaa hapo wakati huo, kwahiyo jina la kosa linategemea bahati ya nani alikuwa amekaa kwenye kiti kibovu. Sisemi nimeshathibitisha, nasema ndiko pa kuangalia kwanza.

Sasa ukipiga Windows upya juu ya RAM mbovu yanatokea mambo mawili. La kwanza, usanikishaji wenyewe unaweza kuharibika, mafaili yanaandikwa yakiwa na makosa, na hapo unakuwa na ugonjwa mara mbili. La pili ni hili watu wanasahau, unafuta ushahidi. Kila ikifa, Windows inajaribu kuacha faili dogo ndani ya C:\Windows\Minidump. Hayo mafaili ndiyo ripoti ya daktari. Yanakili kwenye flashi leo, pamoja na hizo picha zako.

Kingine bonyeza kitufe cha Windows na R, andika perfmon /rel, itafunguka kalenda inaonyesha kila siku mashine ilipoanguka na wiki hiyo ziliingia apdeti gani. Kama imeanza kuanguka siku ya kwanza kabla hujaweka chochote, kitu cha kwanza cha kushuku sio programu ulizoweka wewe.

Kipanga_wa_Mbeya

Mzee nakuheshimu ila usiwatishe watu na hadiweya. Tarehe 19 Julai 2024 kompyuta kama milioni 8.5 duniani zilikufa kwa skrini ya bluu sababu ya apdeti moja tu mbovu ya CrowdStrike, kampuni ya programu za usalama, viwanja vya ndege vikasimama, na hadiweya zote zilikuwa nzima. Softiweya inaua mashine nzima vizuri tu.

Mzee_wa_Saketi

Kweli kabisa na mfano wako ni mzuri, maana unaonyesha ninachosema. Zile mashine zilikuwa zinakufa kwa namna moja, zikiwaka zinakufa tena palepale, na faili likijulikana. Ya Binti inakaa mpaka jioni siku moja, kesho yake inakufa mara tatu kwa majina matatu.

Njia ya kumaliza ubishi wetu ipo na haigharimu. Weka Ubuntu, mfumo mwingine wa bure usio Windows, kwenye flashi, washa kompyuta kwa flashi, chagua kujaribu bila kusanikisha, halafu fanya kazi zako humo siku nzima, Zoom, Firefox, tabu nyingi. Ikiganda au kufa na humo, Windows haina kosa. Isipokufa haijathibitisha kitu moja kwa moja, lakini inakupa mwelekeo.

Nahodha_Tanga

Kabla hajagusa flashi wala BIOS (ile mipangilio ya kuwashia mashine kabla ya Windows) mwambieni habari ya BitLocker, ile kufuli ya diski ya Windows, jamani, hili limeliza watu. Windows 11 nyingi za siku hizi ukiingia na akaunti ya Microsoft zinafunga diski kwa ufunguo zenyewe bila hata kukuuliza. Ukibadilisha kitu BIOS, mfano kuzima Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha), ukirudi inaweza kukuomba ufunguo wa tarakimu 48, huna ufunguo huna tasnifu. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu, tafuta ufunguo wa urejeshaji, uandike kwenye karatasi. Na tasnifu iwe na bakapu sehemu mbili, flashi moja na Google Drive au OneDrive, fanya hilo leo kabla ya mengine yote tunayobishania hapa. RAM mbovu inaweza kukuharibia hata faili lenyewe wakati unalihifadhi, kwahiyo fungua bakapu kwenye kompyuta nyingine uhakikishe inasomeka.

Fundi_Jofu

Swali moja tu dada. Hiyo RAM 16 ilitoka kiwandani 16 au duka walikuongezea? Fungua Task Manager, nenda Performance, bonyeza Memory, angalia imeandika slots used ngapi. Na angalia kwenye boksi imeandikwa RAM ngapi.

Binti_Mlimani

Asanteni sana. Bakapu nimeshafanya na ufunguo nimeupata, kumbe kweli diski ilikuwa imefungwa na mimi sijui.

Fundi boksi limeandikwa 8GB. Duka walisema wananiongezea nyingine 8 palepale, kwenye risiti wameandika 16. Ile kalenda inaonyesha imeanza kuanguka siku ileile ya kwanza.

Fundi_Jofu

Basi hapo tumefika karibu. Laptopu nyingi za bei hiyo zina 8 iliyounganishwa moja kwa moja kwenye bodi na nafasi moja ya kuongeza. Kuongeza RAM sio kosa, mimi naongezea wateja kila siku. Tatizo ni kipande chenyewe kikiwa cha mtumba au feki, au hakijakaa vizuri kwenye nafasi yake. Kasi zikitofautiana mara nyingi sio shida, zote zinashuka kwenye ile ndogo, ila zipo bodi zinazochagua vipande na zinasumbua.

Weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, ya bure inatosha, inapiga mizunguko minne. Anzisha usiku ukilala, chaja ikiwa imechomekwa. Kosa hata moja jekundu ni kosa, usiambiwe eti mawili matatu ni kawaida. Ile ya Windows yenyewe, andika mdsched, nayo ni nzuri kwa kuanzia lakini mimi nimeona inapitisha RAM ambazo MemTest imezikataa, kwahiyo ikikuambia hakuna tatizo usiridhike.

Ikitoa makosa, kinachofuata ni kutoa kile kipande kilichoongezwa na kupima tena na 8 ya bodi peke yake. Ikipita safi, mbovu ni kipande au nafasi yake. Ikiendelea kutoa makosa, imekufa RAM ya bodi, na hiyo habari nyingine kabisa, hapo usikubali fundi wa mtaani aguse, dai mashine nyingine. Ila hiyo hatua ya kufungua ifanyike dukani kwao mbele yako, hapo mtaa254 yuko sahihi.

Umeme_Juu

Naongezea la umeme kwa ufupi. Kama inakufa tu ikiwa kwenye chaja, jaribu kutumia betri peke yake, na ukikaa sehemu umeme unapanda na kushuka tumia kinga. Lakini umeme mbaya na joto kali mara nyingi vinaizima ghafla tuu, giza, bila ile skrini yenye maneno. Kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utakuta Kernel-Power 41, ambayo maana yake ni kwamba mashine ilizimika vibaya, haikuambii nani kaizima. Watu wengi wanaona hiyo 41 wanakimbilia kununua chaja mpya.

Binti_Mlimani

Wakuu nimerudi. Ubuntu nilikaa nayo, Firefox ilikuwa inajifunga yenyewe na mwisho ikaganda yote. Usiku nikaweka MemTest86, asubuhi nimekuta makosa mengi mekundu, nimepiga picha. Kwahiyo sio Windows.

Sasa nimewapigia dukani wanasema nipeleke wapige Windows kwanza ndio waangalie. Nifanyeje hapo?

mtaa254

Hapo ndipo ule utafiti wa Mzee unakusaidia kuliko nilivyodhani, nakubali. Ungeenda mikono mitupu wangepiga Windows, ikakaa vizuri saa mbili mbele yako, wakakurudisha nyumbani. Sasa waonyeshe kwamba MemTest haitumii Windows kabisa, inawaka peke yake kutoka kwenye flashi. Nenda na flashi yako, iwashe pale kaunta.

Mzee_wa_Saketi

Peleka risiti, boksi, chaja, picha za skrini na picha ya MemTest. Usizungumze kwa hasira, sema unachotaka kwa sentensi moja: nimenunua 16, mojawapo ni mbovu, naomba watoe kipande, tupime, kisha wanibadilishie. Waandike kwenye karatasi siku uliyoileta na tatizo ulilolileta, maana ikirudi tena baada ya wiki tatu hiyo karatasi ndiyo itakayosema kwamba tatizo lilianza ndani ya waranti. Bidhaa isiyofaa kwa kazi iliyouzwa sio fadhila ukibadilishiwa, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inakulinda, na wakikataa kabisa ipo Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya 2003, ambayo kazi yake ni pamoja na kumlinda mlaji. Lakini nadhani hamtafika huko, ukiwa na ushahidi wengi wanalegea.

Binti_Mlimani

Nimetoka huko sasa hivi. Walibisha mwanzoni, nikaiwasha MemTest palepale, makosa yakaanza kutoka hata mzunguko wa kwanza haujaisha. Fundi wao akatoa kipande, tukapima na 8 ya bodi, ikapita safi. Wameweka kipande kipya na safari hii kimetoka kwenye pakiti yake, tumepima pale mzunguko mmoja na nyumbani nitaacha usiku kucha. Karatasi wamenipa yenye tarehe. Shukrani sana wote, hasa Fundi kwa lile swali la boksi.

Kipanga_wa_Mbeya

Hongera dada. Safari hii Mzee ameshinda. Ila sasa fanya lile langu pia, Windows iliyoishi na RAM mbovu inaweza kuwa na mafaili yaliyoharibika. Fungua Command Prompt kama administrator, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikiisha andika sfc /scannow, zote mbili zinakagua na kurekebisha mafaili ya Windows. Ikisema imeshindwa kurekebisha, hapo ndio upige upya.

Mzee_wa_Saketi

Hapo tuko pamoja kabisa.

Sele_Songea

Samahani nadandia uzi. Yangu nayo mpya ila kosa ni lile lile kila mara, VIDEO_TDR_FAILURE, na linataja igdkmd64.sys, inatokea nikiangalia video tu. Na mimi nianze na MemTest?

Fundi_Jofu

Hapana, wewe upo upande mwingine. Kosa moja, faili moja, kazi moja, na hilo faili ni draiva ya grafiki. Nenda tovuti ya aliyetengeneza laptopu, ingiza namba ya modeli iliyo chini ya mashine, chukua draiva ya grafiki ya hapo, sio ya kwenye zile programu za kutafuta draiva mtandaoni. Kama ilianza baada ya apdeti, ingia Device Manager, bonyeza grafiki, chagua Roll Back Driver. Angalia pia kama wana BIOS mpya, ukiiweka chaja iwe imechomekwa na betri iwe imejaa, usiiguse mpaka imalize. Ikiendelea na draiva ya zamani na ya mpya zote, kwako wewe kupiga Windows upya ni hatua halali, na ikifa tena baada ya hapo irudishe kabla waranti haijaisha. Leta faili la minidump nikusomee kwa WinDbg, programu ya kusoma hizo ripoti.