Mteja anataka gemu "kama GTA lakini iwe Kisumu". Nimsaidieje?

FundiGemu_Kondele
Wadau, naomba ushauri kabla sijazima simu kabisa. Nina mteja hapa Kisumu, anauza spea za pikipiki. Mwezi wa tatu alinipigia, anataka gemu ya kutangaza duka. Ya aina gani? "Kama GTA, lakini iwe Kisumu. Ichangamke." Yaani ile gemu kubwa ya kuiba magari na kuzurura jiji zima. Saa hiyo hiyo akanitumia 15,000 kwa M-Pesa, nami badala ya kuuliza swali la pili nikafungua Godot, programu ya kutengenezea gemu.

Wiki tatu nilijenga barabara ya Kondele, daraja la juu na yote, bodaboda akikwepa matatu. Hata vumbi nililionea fahari. Nikampelekea dukani. Akashika simu, bodaboda ikagonga ukuta mara mbili, akanirudishia. "Si hii." Sasa ni ipi, mzee? "Sijui. Nikiiona nitaijua."

Tangu siku hiyo jumbe za sauti zinaingia saa tano usiku, dakika nne nne. Jumatatu anataka watu wengi wacheze pamoja mtandaoni. Alhamisi iwe ajua, ule mchezo wa bao wa babu yake. Jumapili (baada ya kanisa, nadhani) wachezaji waweke pesa, mshindi azoe zote. Nikamwambia hiyo ni kamari na ina leseni yake. Akanyamaza siku mbili, kisha akauliza mbona gemu haijaingia Play Store. Nikamweleza kuwa akaunti mpya ya mtu binafsi lazima programu yake ijaribiwe kwanza na watu 12 kwa siku 14 mfululizo. Anaona namzungusha.

Pesa yake nimeshakula. Kumkimbia siwezi, mkewe na mama yangu wako chama kimoja. Nyinyi wateja kama hawa huwa mnawatoaje maneno?

Heroe_Nakuru
Pole, ndugu. Zima kompyuta kwanza. Mimi nilipata mwenye hoteli huku Nakuru aliyetaka "gemu ya heroe", basi. Nikachora ziwa kwenye karatasi ya manila, nikamwaga vizibo vya soda, nikamwambia: hawa ndio ndege wako, kidole chako kinafanya nini? Akaanza kuwapanga kumi kumi. Kumbe alitaka watoto wa wageni wahesabu, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuchora fisi wa kuwakimbiza! Mteja hana maneno ya kazi yetu, lakini mkono wake unajua anachotaka.

Omwami_Kakamega
Vizibo ni sawa, lakini tuzungumze pesa. 15,000 ni ya nini hasa? Andika ukurasa mmoja: mchezaji anafanya nini, anashindaje, mabadiliko ni mara mbili tu, ya tatu inalipiwa. Mwambie pia GTA V ya 2013 ilifanyiwa kazi na watu zaidi ya elfu moja, kwa miaka. Wewe uko peke yako na laptopu inayochemka.

Nyar_Dunga
Omera, nitakuudhi kidogo. Mteja alikupa sentensi moja, ukakaa wiki tatu bila kumwonyesha kitu. Hiyo barabara ya Kondele ni ndoto yako, si yake. Siku ya tatu ungempelekea hata kibox cheusi kinachokwepa vibox vyekundu, angesema "si hii" mapema na usingeumia. Na muulize anatafuta nini dukani kwake, si kwenye simu.

FundiGemu_Kondele
@Nyar_Dunga umenichoma, lakini ni kweli.

Nimerudi. Leo nilikwenda na katoni niliyochora pikipiki, na vizibo vilivyoandikwa cheni, plagi, breki. Sikusema kitu. Mzee akaanza kuviweka mahali pake huku akiwagombeza vijana wawili wa boda waliosimama kaunta: "Mnakuja kuniambia mnataka kile kitu cha chini! Kile kitu kinaitwaje?" Wakabishana. Mmoja akaweka plagi kwenye breki, duka zima likacheka. Hiyo ndiyo gemu aliyokuwa akitafuta tangu mwezi wa tatu: wateja wajue majina ya spea.

Nikasema sawa, hiyo naimaliza kwa siku kumi, picha bapa tu. Nikatoa ule ukurasa mmoja, akasaini bila kusoma.

Kisha akaiangalia katoni, akaigeuza. "Na hii yenyewe, ukinichapishia mia moja niwape wateja, ni pesa ngapi?"

Nimempigia mtu wa kuchapisha. Anasema anataka kujua ukubwa.

Omwami_Kakamega
Ukubwa gani?

FundiGemu_Kondele
Mzee amesema "wa kawaida".